Mapukutiko Ughaibuni: Jiko la Mkaa, Dirisha Lililofungwa na Giza la Mapema

(Sehemu ya tatu)

Baada ya kueleza habari za makaratasi na za kutafuta kazi, juma hili nageukia majira yenyewe ya mapukutiko. Familia nyingi za Waswahili na za wasemao Kiswahili kutoka Kivu, Katanga, Burundi na kambi za wakimbizi za Kigoma sasa zinaishi Kentucky, Ohio, Iowa na Maine, kule Marekani. Wengi wao walikulia karibu na ikweta, ambako jua huchomoza na kuzama kwa saa karibu zilezile mwaka mzima, tofauti ikiwa ndogo tu. Huko walikohamia mambo ni mengine. Mwishoni mwa Septemba mchana na usiku hulingana; ikifika Desemba, mchana wa mji wa Minneapolis, kaskazini mwa nchi hiyo, haufiki urefu wa saa 9. Majani yanapukutika, baridi inaingia, watu wanafunga madirisha, na giza linawakuta njiani.

Nionavyo, madhara mengi ya msimu huu hayaletwi na baridi. Yanaletwa na mazoea ambayo kule kwetu mara nyingi hayakuwa na ubaya, na ambayo katika nyumba za huko yanageuka hatari. Zoea la kwanza ni jiko la mkaa.

Nyumba ya Uvira au ya Kasulu hupumua. Hewa hupita kati ya ukuta na bati, hupita chini ya mlango, na mara nyingi jiko lenyewe liko uani. Nyumba ya Iowa imejengwa ili joto lisitoke, kwa hiyo na hewa haitoki. Madirisha ni ya vioo viwili, milango ina mpira pembeni, kuta zimejazwa sufi. Humo ndani, jiko lenye makaa yaliyokolea ni mauti. Na tusidhani jambo hili ni geni kwetu, kwani hata Njombe na Mbeya, baridi ya Juni na Julai inapokaza, husikika habari za watu waliolala na jiko chumbani wasiamke.

Mwuaji ni gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Huzaliwa pale mkaa, kuni, gesi ya kupikia au petroli inapoungua bila hewa ya kutosha. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Moshi humtimua mtu chumbani. Gesi hii inamwacha amelala. Ndiyo maana imani ya wengi wetu, kwamba mkaa ukishakuwa mwekundu na moshi ukaisha jiko linaweza kuingizwa ndani, ni imani ya kuogopwa. Makaa mekundu yasiyo na moshi hutoa gesi hiyo kwa wingi. Ikiingia mwilini hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo damu inaendelea kuzunguka lakini haibebi tena kile ambacho ubongo na moyo vinakihitaji. Marekani peke yake hupoteza zaidi ya watu 400 kila mwaka kwa sumu hii, bila kuhesabu wanaokufa katika ajali za moto.

Dalili zake zinahadaa: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, mwili kulegea. Na kwa kuwa huu pia ni msimu wa mafua, mtu humeza vidonge akarudi kulala palepale penye sumu. Kuna namna ya kutofautisha. Mafua hupita kwa zamu, leo mtoto, keshokutwa mama. Mkiumwa kichwa nyumba nzima kwa wakati mmoja, na mkitoka nje mkapata nafuu, msirudi ndani. Pigeni simu ya dharura mkiwa nje, hata kama ni usiku na baridi ni kali. Mama mjamzito asingoje kuzidiwa, maana mtoto aliye tumboni huweza kuathirika zaidi kuliko yeye.

Makosa mengine ni ndugu wa hilo. Wapo wanaofungua mlango wa oveni ya gesi ili ipashe joto chumba. Wapo wanaowasha gari ndani ya gereji asubuhi lipate moto, wakidhani kufungua mlango wa gereji kunatosha, kumbe hakutoshi. Umeme ukikatika kwa dhoruba, jenereta iwekwe nje, angalau mita 6 kutoka nyumbani, na bomba lake la moshi lisielekee dirisha wala mlango.

Hapa yafaa tuseme ukweli. Watu hawawashi oveni kwa kupenda. Wanaiwasha kwa sababu kipasha joto cha nyumba ya kupanga kimeharibika na wanaogopa kumsumbua mwenye nyumba. Hofu hiyo naielewa, lakini sheria iko upande wao. Jijini New York, kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 31 Mei, mwenye nyumba analazimika kuhakikisha ndani hakushuki chini ya nyuzi 20 za Selsiasi mchana, nje kukiwa chini ya nyuzi 13, na usiku kusishuke chini ya nyuzi 17. Chicago msimu wa joto la lazima huanza tarehe 15 Septemba. Katika miji hiyo miwili malalamiko hupelekwa kwa kupiga namba 311. Mpangaji anayedai joto hajaomba fadhila.

Ving'ora vya moshi na vya kaboni monoksaidi ni vitu viwili tofauti, ingawa vipo vinavyofanya kazi zote mbili. Najua jinsi king'ora cha moshi kinavyokera pale sambusa zinapokaangwa, na najua kaya nyingi ambazo zimekitoa betri na kukitia kabatini. Kirudisheni. Fungueni dirisha wakati wa kukaanga, washeni feni ya jikoni, lakini king'ora kibaki darini. Kikilia mlio mfupi mmoja kila baada ya muda, mara nyingi kinataka betri. Cha moshi kikitimiza miaka 10, kinunuliwe kipya hata kama bado kinalia. Na hita ya umeme ikae mita moja mbali na mapazia na matandiko, ichomekwe ukutani moja kwa moja wala si kwenye waya wa kuongezea, na izimwe kabla ya kulala.

Tuje barabarani. Jumapili ya kwanza ya Novemba, sehemu kubwa ya Marekani na Kanada hurudisha saa nyuma kwa saa moja. Nchi nyingi za Ulaya hufanya hivyo Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Jumatatu inayofuata badiliko hilo la Marekani, mfanyakazi wa Minneapolis anayetoka kazini saa 11 jioni anakuta jua limezama. Wengi wa ndugu zetu hufanya kazi za zamu katika machinjio na maghala ya bidhaa, huendesha magari alfajiri na magharibi, na saa hizohizo ndizo kulungu wa huko hutembea. Kuanzia Oktoba hadi Desemba ni msimu wao wa kupandana, na madume huvuka barabara bila kuangalia chochote. Kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa, gari hupita mita 25 kila sekunde. Ukimwona mmoja, punguza mwendo, kwa kuwa mara nyingi nyuma yake wapo wengine. Akitokea ghafla, kanyaga breki kwa nguvu na ubaki katika njia yako. Kumkwepa kwa kukata usukani ndiko kunakopeleka watu mtini au uso kwa uso na lori.

Majani yaliyolowa huteleza vibaya, tena huficha mistari ya barabara na mashimo. Baridi hushusha upepo wa tairi, kwa hiyo upimwe kila mwezi kabla gari halijapata moto. Madaraja huganda kabla ya barabara nyingine, kwa kuwa hewa baridi huyapata juu na chini, na barafu yake nyembamba huonekana kama lami iliyolowa tu. Basi la njano la shule likiwasha taa nyekundu za kumetameta, simama, hata kama unatoka upande wa pili, ila pale barabara inapogawanywa na ukuta au bustani, ambapo sheria za majimbo mengi huruhusu kupita. Mtoto anayengoja basi hilo gizani avae koti la rangi ya kung'aa. Makoti meusi tunayoyanunua kwa sababu hayaonyeshi uchafu hayaonyeshi mtoto pia.

Jambo la mwisho kwa leo ni simu. Marekani na Kanada namba ya dharura ni 911, Uingereza ni 999, na nchi za Umoja wa Ulaya ni 112. Anayepiga ataje kwanza anwani, ndipo aeleze kilichotokea, maana simu ikikatika watajua pa kuja. Kiingereza kikigoma, aseme neno moja tu, "Swahili", asikate simu. Vituo vingi huunganisha mkalimani. Watoto wafundishwe anwani ya nyumbani kwa moyo, namba ya mlango ikiwemo, na waambiwe wazi kwamba wanaruhusiwa kupiga wao wenyewe ikiwa wakubwa hawaamki.

Itaendelea juma lijalo: theluji ya kwanza.