Barua pepe ilitoka. Iliingia wapi?

Ndugu watumikaji, na ba mama mulioko nyumbani, kuna jibu moja linaturudilia kila mara kwenye meza ya delege. Mutu ametuma barua pepe kwa kampuni juu ya dekonti yake ya mwisho. Anangojea. Akienda kuuliza, wanamwambia: "Hatuioni mu programu." Anarudi akisema wamedanganya. Mara ingine hawadanganyi, lakini hawakutafuta pahali pa kweli.

Buro nyingi leo ziko na vitu viwili: sanduku la barua pepe, na programu ambamo kila mutu anayeandika kampuni iko na fishi yake. Barua inafika kwanza mu sanduku. Kuingia mu fishi, hiyo ni kazi ingine.

Tuchukue programu moja, Dynamics 365 ya Microsoft. Mutu wa informatiki anayeisimamia iko na tablo pale anaona masanduku yote ya buro. Kwa kila sanduku anaangalia barua zinazoingia, barua zinazotoka, na randevu pamoja na kontakti. Tablo inamwambia: imefaulu, imeshindwa, ao bado kufanyika. Tuogope hiyo "bado". Haishtushi mutu kama kosa, lakini sanduku halipeleki kitu mu programu. Sanduku jipya linaomba msimamizi alikubali, kisha alijaribu na kuliwasha. Sekretere mupya akianza kazi na hakuna aliyefanya vile, barua zenu zinalala kwake tu.

Hata tablo ikisema "imefaulu" pande zote, tusifurahi mbio. Programu haichukui kila barua. Inaweza kupangwa ichukue zote, ao zile za watu walio na fishi tayari, ao zile tu zinazojibu barua iliyotoka mu programu yenyewe. Na namna inavyokuja, kama hakuna aliyegeuza, ni hii ya mwisho. Basi mujane anayeandika mara ya kwanza juu ya franga za bwana yake, barua yake haiingii mu fishi. Hakuna kitu kilichoharibika. Mashini imefanya vile ilivyoambiwa.

Lakini barua iko! Iko mu sanduku. Kwa hiyo wakisema "hatuioni mu programu", sisi ba delege tuulize mara moja: mu sanduku muliangalia? La nani? Tablo inasema nini juu ya sanduku lile, na nani alichagua barua za kuchukua?

Ili tuweze kuuliza vile, tuletee adresi uliyotumia, tarehe na saa. Usifute barua uliyotuma, hata kama uliitumia kwenye telefone ya mutoto. Na ile kopi ya karatasi, sekretere aigonge kashe kama zamani. Peleka zote mbili.