Ziwa Linapofungwa: Uvuvi wa Bahi na Uvuvi wa Nchi za Barafu

Mtu akitoka Dodoma kwa reli kuelekea magharibi, baada ya mwendo wa maili 35 hivi hufika Bahi. Karibu na hapo liko bonde pana, lililoshuka kuliko nchi yote ya jirani, na ndani yake limo ziwa liitwalo Sulunga. Mto Bubu, utokao kaskazini na kupita nchi za Kondoa na Chemba, humwaga maji yake humo, na kwa kawaida maji hayo hayana njia ya kutokea kwenda baharini. Yaingiapo hukaa, na yakaapo huliwa na jua. Mvua ya Dodoma kwa mwaka mzima ni kama inchi 22, nayo hunyesha kati ya Desemba na Aprili; lakini jua na upepo wa nchi ile waweza kunyonya maji kwa kipimo cha zaidi ya mara tatu ya hiyo. Kwa hiyo ziwa hili lina nyuso mbili. Baada ya mvua njema ni maji mapana, yenye mitumbwi na ndege wengi, na wavuvi wamepiga kambi ukingoni. Baada ya ukame wa miaka ni uwanda mgumu, uliopasuka kama chungu kibovu, usio hata na tone la kumnywesha mbuzi.

Kisha mvua hurudi, mto hushuka, na baada ya muda samaki wamo tena. Wametoka wapi? Wako wasemao kwamba walishuka pamoja na mvua. Wengine husema ardhi yenyewe huwazaa. Swali hili si la watoto tu, maana mwenye kulijua jibu lake atajua pia ni samaki gani wa kuvua na ni nani wa kuachwa, na katika nchi yenye njaa za mara kwa mara kama Ugogo jambo hilo si dogo. Lakini kabla ya kulijibu, twaomba msomaji afuatane nasi kwanza mpaka ziwa la mbali, ambalo nalo hufungwa kila mwaka. Halifungwi na jua, bali na baridi. Mambo ya ziwa lile yatatufahamisha mambo ya ziwa letu.

Katika nchi ya Kanada liko ziwa liitwalo Winnipeg. Urefu wake wapata maili 260, si mbali na mwendo wa kutoka Dar es Salaam mpaka Dodoma. Kuanzia mwezi wa Novemba baridi huwa kali hata uso wa maji huganda, nao hukaa hivyo mpaka majira ya Mei. Barafu hiyo huweza kufika unene wa futi 3. Hata hivyo maji ya chini hayagandi, na samaki wamo humo wakiogelea polepole.

Yawezekanaje? Kila mtu wa nchi ya kati ameona mvua ya mawe. Atwae punje zake chache azitie katika kibuyu cha maji, naye ataona kwamba zaelea. Hili twaliona kuwa jambo la kawaida, lakini kwa kweli ni la ajabu, kwa kuwa vitu vingi vikiganda huwa vizito na kuzama. Tazama samli: ikianza kuganda, mabonge yake hukaa chini ya ile iliyoyeyuka. (Atakaye kujaribu aombe ruhusa ya mwenye samli kwanza.) Maji yana tabia nyingine. Yakipoa huongezeka uzito mpaka yafike digrii 4 za Sentigredi. Yakipoa kupita hapo huanza kuwa mepesi tena, na yakiwa barafu ni mepesi zaidi. Basi maji mazito ya digrii 4 hukaa chini ziwani, na barafu hukaa juu kama kifuniko cha chungu. Kama barafu ingezama, maziwa ya kaskazini yangeganda kuanzia chini kwenda juu, na samaki wake wangepata taabu kubwa ya kuishi.

Wavuvi wa Winnipeg huenda juu ya kifuniko hicho kwa miguu na kwa magari. Barafu ngumu na angavu yenye unene wa inchi 4 humchukua mtu anayetembea. Motokaa huhitaji inchi 8 hata 12. Katika vita kuu ya pili, wakati wa baridi wa mwaka 1941 na 1942, magari ya mizigo yalipita juu ya barafu ya ziwa Ladoga huko Urusi, yakiupelekea chakula mji wa Leningrad uliokuwa umezingirwa. Mvuvi hutoboa tundu, kisha hana budi kuutandaza wavu chini ya barafu, mahali asipoweza kufika kwa mkono wala kwa mtumbwi. Hufanya hivi: hutia tunduni ubao mrefu wenye mkono wa chuma na kamba. Ubao huelea na kugusa barafu kwa chini. Akivuta kamba, ule mkono hukwaruza barafu na kuusukuma ubao mbele. Akilegeza, mkono hurudi. Akivuta tena, ubao huendelea. Mwenzake huufuata kwa juu, akitazama kivuli chake na kusikiliza mkwaruzo wake. Ubao ukisha kwenda mbali ya kutosha, hutoboa tundu la pili, hushika kamba, na kwa kamba hiyo wavu huvutwa kutoka tundu hata tundu. Sisi tuliozoea migono na ndoana twaweza kuucheka uvuvi wa kuchimba, lakini hapana shaka yoyote kwamba ubao ule ulibuniwa na mtu mwenye akili.

Hatari kubwa ya kazi hiyo ni theluji. Theluji ikianguka nyingi hufanya mambo mawili kwa pamoja. Kwanza huifunika barafu kama blanketi, hata baridi ya hewani haiifikii vizuri, nayo huacha kunenepa. Pili huielemea kwa uzito wake. Barafu ikielemewa hushuka kidogo, maji hupanda kwa nyufa na matundu, nayo huchanganyika na theluji yakawa kama uji. Uji huo hauonekani, maana juu yake imebaki theluji nyeupe iliyo kavu. Mtu hukanyaga akidhani ni salama, mara miguu yake imezama katika maji baridi, na gari lake limenasa. Kurowa miguu katika baridi ya namna ile si jambo la kucheka. Vidole huweza kufa na kukatwa. Kwa hiyo wazee wa kazi hiyo hutembea na mti wenye ncha ya chuma, wakipiga mbele yao kabla ya kila hatua.

Na sasa turudi Bahi. Maji ya Sulunga yanapopungua, ukingo huhama kila juma, na nyuma yake huacha tope. Jua hulikausha tope kwa juu tu. Ganda hufanyika, jeupe, lenye nyufa, nalo kwa macho halina tofauti na nchi kavu. Lakini chini yake lipo tope laini. Ng'ombe mwenye kiu anayetafuta maji hupita juu ya ganda, nalo humvunjikia, naye hunasa mpaka tumboni. Kadiri anavyojitahidi ndivyo azamavyo. Mvuvi pia anayevuka kwenda kwenye madimbwi yaliyosalia hupatwa na hayo, hasa akiwa na mzigo. Mtu wa Bahi na mtu wa Winnipeg hawajaonana, lakini wote wawili hupiga fimbo mbele yao kwa sababu moja: uso mkavu si ushuhuda wa yaliyo chini. Aliyenasa asikanyage kwa nguvu ili ajitoe. Ajilaze, autawanye uzito wake juu ya fimbo au matete, na kurudi kwa kutambaa njia ile ile aliyojia. Shauri hili ndilo lile lile wapewalo watu wa barafu.

Tuje sasa kwa samaki wenyewe. Chini ya barafu, na katika dimbwi linalokauka, adui wa samaki ni mmoja: kukosa pumzi. Samaki huvuta hewa iliyoyeyuka ndani ya maji kwa mashavu yake. Katika maziwa mafupi ya kaskazini, theluji ikizidi huzuia nuru. Mimea ya majini isiyopata nuru haitoi hewa tena. Mimea iliyokufa ikioza huimaliza hewa iliyobaki, na barafu ikiyeyuka watu huona samaki wengi wamekufa. Katika Sulunga mambo huja kwa njia nyingine. Maji machache, yenye joto, yaliyojaa tope, huchukua hewa kidogo sana, na samaki waliosongamana humo huimaliza upesi. Wa kwanza kufa ni perege. Utawaona alfajiri wamepanda juu, vinywa wazi, wakivuta maji ya usoni. Perege wa namna hiyo hana maisha marefu, wavu uje au usije.

Kambare ni mtu mwingine. Juu ya mashavu yake anacho kiungo chenye matawi kama kichaka kidogo, ambacho kwa hicho huvuta hewa hii tuivutayo sisi. Kwa hiyo huweza kuishi katika tope ambalo perege hawezi, na usiku wenye umande au mvua huweza kutambaa juu ya majani mabichi kutoka dimbwi moja kwenda jingine. Huchimba katika tope bichi akajificha humo. Lakini tusimsifu kupita kiasi: tope likikauka kabisa, naye hufa. Kamongo wa nchi za Ziwa Victoria ndiye awezaye kujifungia ardhini katika mfuko wa utelezi wake na kungoja miezi mingi. Kambare hana ufundi huo. Miaka Sulunga inapokauka yote, kambare wanaobaki ni wale wa madimbwi ya mto Bubu na vijito vyake, na perege hali kadhalika.

Wapo pia visamaki vidogo sana, madume yao yamepakwa rangi nzuri, ambavyo huonekana katika vidimbwi vya mvua mbali na mto wowote. Hivi ndivyo vilivyofanya watu waamini kwamba samaki hushuka kutoka mbinguni. Ukweli wake ni kwamba mama zao hutaga mayai katika tope kabla ya dimbwi kukauka. Wazazi hufa wote. Mayai hukaa ndani ya udongo mkavu wakati wa kiangazi, kama punje za mtama zilizopandwa, na mvua ikinyesha huanguliwa. Basi waliosema ardhi huzaa samaki hawakukosa sana.

Mvua za kwanza zikishuka, kambare huamka. Huacha kilindi na kufuata maji mapya yanayofurika majanini, na huko, usiku, jike hutaga mayai elfu nyingi, hata makumi ya elfu akiwa mkubwa. Mayai hunata katika majani na huanguliwa baada ya siku moja au mbili. Perege hutaga machache kwa kulinganisha, lakini mama huyalea kinywani mwake mpaka watoto waweze kuogelea. Ndiyo namna maziwa mapana yanavyojazwa na samaki wachache walioponea madimbwini.

Hapa pana jambo gumu. Mwezi ule kambare wanapopanda, tumbo likijaa mayai, ndio mwezi ambao ghala za uwele na mtama zimekwisha na mavuno mapya hayajaiva. Samaki hupita katika maji ya magotini, naye mtu mwenye njaa anao mkuki mkononi. Hatutamlaumu. Ugogo ulionja njaa kuu ya Mtunya, iliyoanza mwaka 1917 na kukaa mpaka 1920, na asiyepata kulala na njaa asimhubirie aliyelala nayo. Lakini twaona ipo njia ya kupunguza hasara, nayo ni kuwatofautisha samaki wa kufa na samaki wa mbegu.

Samaki wa kufa ni wale wa madimbwi mafupi yaliyokatwa na ziwa mwanzoni mwa kiangazi. Maji yao yatakwisha kabla ya mvua, nao wataoza au wataliwa na korongo na fisi. Hao na wavuliwe wote, upesi, wapasuliwe, watiwe chumvi ambayo Bahi haikosi, wakaushwe juani au wabanikwe kwa moshi, na kuwekwa mahali pakavu pasipo na mende. Kambare mkavu aliyekaushwa vizuri mwezi wa Julai huweza kutiwa katika mlenda wa Januari, na nyumba yenye akiba hiyo haitakuwa na haja kubwa ya mkuki mtoni. Samaki wa mbegu ni wale wa vilindi vya mwisho, visivyokauka ila kwa nadra, na wale wanaopanda na maji ya kwanza. Kuziba mdomo wa kijito kwa uzio wa matete kutoka ukingo hata ukingo, au kuvuta kokoro katika kilindi cha mwisho, ni kupika mbegu ya shamba la kijiji kizima; na kokoro lenyewe limekatazwa na sheria. Mahali watu wanapotega migono, wakiacha wazi nusu ya kijito kwa majuma mawili ya mafuriko ya kwanza, samaki wa kutosha hupita.

Vilindi hivyo vya Bubu ni vichache, na wachungaji huvijua kuliko wavuvi, kwa kuwa ndiko wanyweshako ng'ombe wakati visima vimekauka. Kijiji kitakacho kujua samaki wake watatoka wapi mwaka ujao na kianze kwa kuwauliza wachungaji.