Unene si dalili ya neema bali ni maradhi yanayotibika

KATIKA mitaa mingi ya Eastlands, jijini Nairobi, kitambi na mwili mnene huchukuliwa kuwa dalili ya mtu aliyefanikiwa. Anayekonda huulizwa iwapo anaugua, ilhali anayenenepa hupongezwa.

Fikra hiyo ni ya hatari. Utafiti uliofanywa kati ya 2008 na 2009 katika mitaa ya mabanda ya Korogocho na Viwandani ulibaini kuwa takriban asilimia 43 ya wanawake na asilimia 17 ya wanaume walikuwa na uzani uliopita kiasi. Karibu thuluthi moja ya walioshiriki walipendelea umbo ambalo kitabibu ni nene kupita kiasi. Kwa hivyo, unene si maradhi ya matajiri pekee.

Sababu zi wazi. Chipsi, mandazi na soda hupatikana kila pembe na hushibisha kwa bei nafuu. Zamani, wengi wa wakazi wa Maringo, Jericho na Makongeni walienda kazini Industrial Area kwa miguu. Siku hizi matatu na bodaboda huwafikisha watu karibu na mlangoni, huku viwanja vya kuchezea vikizidi kumezwa na majengo.

Ili kujua hali yake, mtu hugawanya uzani wake wa kilo kwa kimo chake cha mita kilichozidishwa chenyewe kwa chenyewe. Jibu la 25 au zaidi ni uzani uliozidi. 30 au zaidi ni unene wa kupindukia. Mwanamke wa kimo cha mita 1.6 na uzani wa kilo 77, kwa mfano, ameshafika 30.

Mafuta yanayorundikana tumboni huzuia insulini kufanya kazi yake, na sukari ikazidi katika damu. Hapo ndipo kisukari huanza. Moyo nao hulazimika kusukuma damu kwa nguvu zaidi, hali inayoleta shinikizo la damu, kiharusi na maradhi ya moyo. Magoti huumia, ini hujaa mafuta, na wengine hukatikiwa na pumzi usingizini. Baadhi ya saratani, kama ile ya utumbo mpana, huongezeka pia.

Kwa walioathirika zaidi, upasuaji ni mojawapo ya njia za tiba. Kwa kawaida hufanywa kupitia matundu madogo tumboni. Katika aina moja, daktari huondoa takriban robo tatu ya tumbo la chakula au zaidi, na kubakisha mfereji mwembamba. Katika nyingine, hutenga kifuko kidogo cha tumbo na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba. Mgonjwa hushiba upesi, na homoni za njaa hubadilika. Baadhi ya wenye kisukari huona sukari ikishuka hata kabla ya kupungua uzani.

Kwa miaka mingi kigezo kilikuwa kipimo cha 40, au 35 kwa mwenye maradhi mengine yatokanayo na unene. Mnamo 2022, vyama vya kimataifa vya madaktari wa upasuaji huo vilipendekeza 35 hata bila maradhi mengine, na kuanzia 30 kwa mwenye kisukari.

Hata hivyo, kisu hakimalizi kazi. Damu yaweza kuganda mishipani, au mshono ukavuja. Aliyepasuliwa huhitaji vitamini na madini maisha yake yote, na akirudia ulaji wa zamani uzani hurejea. Jijini Nairobi, huduma hii hupatikana hasa katika hospitali za kibinafsi, na gharama yake huwashinda wengi wa wakazi wa Eastlands.

Ndiyo maana hatua ya mapema ina thamani kubwa. Kupunguza asilimia tano hadi 10 ya uzani hutosha kushusha sukari na shinikizo la damu. Kwa mwanamke wa kilo 77, hizo ni takriban kilo nne hadi nane. Shinikizo na sukari hupimwa katika vituo vya afya vya umma na katika Hospitali ya Mama Lucy Kibaki. Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kilio humfichua. Anayeusifu unene wake huenda anayaficha maradhi bila kujua.