Namba Tasa na Mfupa wa Ishango

Katika shule za sekondari na vyuo vya Kisangani hesabu husomeshwa kwa Kifaransa, na mwanafunzi hukutana na istilahi nombre premier, yaani namba ya kwanza. Mwenzake wa Dar es Salaam huijua dhana hiyohiyo kwa jina la namba tasa. Majina haya hayatazami upande mmoja. Lile la Kifaransa, lenye asili ya Kilatini, huiona namba kuwa chanzo. La Kiswahili huiona kuwa haizai. Utasa huo una maana yake: 13 haina vigawo ila 1 na yenyewe. Kokoto 12 hupangika katika mistari miwili ya sita, au mitatu ya nne. Kokoto 13 hazikubali mistari iliyo sawa, isipokuwa zote zikae katika mstari mmoja. Hata hivyo jina hilo huficha nusu ya habari, kwa kuwa ni tasa hizohizo zinazozaa namba nyingine zote kwa kuzidishana.

Swali la nani aliyeitambua dhana hii kwanza lina mfano wake mashuhuri mashariki ya Kisangani, huko Ishango, mahali mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward. Mwaka 1950 Jean de Heinzelin, mwanajiolojia wa Ubelgiji, alichimbua hapo mfupa wenye urefu wa sentimita 10 hivi, uliopachikwa kijiwe cha kwatsi nchani. Umri wake hukadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi, nao umehifadhiwa Brussels. Umechanjwa chale katika safu tatu. Safu moja ina makundi ya 11, 13, 17 na 19. Ya pili 11, 21, 19 na 9. Ya tatu 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5 na 7.

Jumla za safu hizo ni 60, 60 na 48, nazo zafaa kuonyesha namna namba inavyochambuliwa. Mtu akianza na 6 mara 10, au na 4 mara 15, akaendelea kugawa mpaka pasibaki cha kugawika, 60 huishia palepale: 2 × 2 × 3 × 5. Vivyo hivyo 48 ni 2 × 2 × 2 × 2 × 3. Vigawo vinavyoshirikiwa ni 2, 2 na 3, kwa hiyo kigawo kikubwa cha shirika ni 12. Kwamba kila namba ina uchambuzi mmoja tu wa aina hii kulithibitishwa kikamilifu na Gauss mwaka 1801, ingawa msingi wake umo katika kazi ya Euclid, yapata mwaka 300 kabla ya Kristo.

De Heinzelin mwenyewe, katika makala ya mwaka 1962, alibainisha kwamba safu ya kwanza ina namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20. Dai hilo limependwa sana, na si ajabu. Lakini kuwa na namba tasa si kuujua utasa wake. Anayejua kwamba 17 ni tasa lazima awe amejaribu kuigawa, na mfupa hauonyeshi kugawanya kokote, labda kuzidisha kwa mbili katika 3 na 6, 4 na 8. Tena namba nne hizo zaweza kupatikana kwa njia nyepesi: 12 kutoa moja na kuongeza moja, kisha 18 vilevile. Safu ya pili hufuata mtindo huo kando ya 10 na 20, nayo imebeba 9 na 21, ambazo ni 3 × 3 na 3 × 7. Wapo pia wanaosoma humo kalenda ya mwezi, kama alivyofanya Alexander Marshack.

Lililo imara ni kwamba mtu wa Ishango alihesabu kwa makundi na kuhifadhi hesabu yake. Mfupa mwingine wenye 23, 29, 31 na 37 ungeyumbisha shaka. Na 15 iliyochanjwa kwa makundi matatu ya tano, kando ya 13 isiyokatwa, ingeyumbisha zaidi.