SOMO LA REDIO KWA WATU WAZIMA: KUFUFUA LAND CRUISER KUUKUU YA DIZELI

(Mwalimu wa darasa: kabla ya kipindi kuanza, andika ubaoni maneno haya kwa herufi kubwa: CHASISI, KUTU, NOZELI, SILINDA, VOLTI. Wanafunzi wayasome kwa sauti mara mbili.)

Wenye daftari na wafungue ukurasa mpya, na waandike juu yake: Motokaa kuukuu.

Tuseme ninyi mliokaa hapo ni wanachama kumi na wawili wa chama cha ushirika. Mmevuna, mmeuza, mmechanga fedha. Kijiji chenu ki mbali na barabara ya lami, na wakati wa masika hakuna basi linalofika. Mwataka gari la kupeleka mahindi sokoni, na usiku wa dharura limfikishe mama mjamzito hospitali. Gari jipya hamliwezi. Anakuja mtu na kusema, "Ninayo Land Cruiser ya mwaka 1995, ilitoka Japani, imechoka kidogo tu." Je, mtainunua? Na mkisha kuinunua, mtaanza wapi kuitengeneza? Hayo ndiyo tutakayojifunza leo.

Kwanza tulijue gari lenyewe. Kampuni ya Toyota ya Japani ilianza kutengeneza Land Cruiser za namna hii, zinazoitwa mfululizo wa 70, mwaka 1984. Mwaka 1990 ikazitilia injini ya dizeli iitwayo 1HZ. Injini hiyo ina silinda sita, na ukubwa wake ni lita 4.2. Haina kompyuta ya kuongoza mafuta. Pampu yake huendeshwa kwa meno ya chuma. Kwa sababu hiyo fundi wa kijijini aliye makini aweza kuielewa kwa macho, masikio na spana zake. Nadhani hiyo ndiyo sababu kubwa ya watu wetu kuipenda, kuliko hata nguvu zake.

Nyingi zilifika Dar es Salaam na Mombasa zikiwa tayari zimetumika huko kwao. Siku hizi Kenya hairuhusu kuingiza motokaa iliyotumika yenye umri uliopita miaka 8, na Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa gari lililozeeka. Kwa hiyo gari kuukuu kama hili la kwetu huenda liliingia nchini zamani, likapita mikononi mwa watu wengi, na kila mmoja akalitengeneza kwa namna yake.

Sasa sikilizeni vizuri. Watu wengi humtazama mnyama huyu kwa kuanzia kwenye injini. Mimi nasema anzeni chini, kwenye chasisi. Chasisi ni zile nguzo mbili ndefu za chuma zinazobeba kila kitu: injini, bodi, mizigo na watu. Injini yaweza kutolewa na kutiwa nyingine. Bodi yaweza kukatwa na kuchomelewa. Lakini chasisi iliyooza ni kama nyumba iliyoliwa na mchwa nguzo zake. Tena ukiibadili, una kazi nyingine ya vyeti, maana namba ya gari imepigwa juu ya chuma hicho hicho.

Chukueni nyundo ndogo. Lala chini, gonga chasisi polepole kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Chuma kilicholiwa na kutu hutoa sauti nzito, iliyokufa, na pengine nyundo yenyewe hutoboa tundu. Tazameni hasa pale springi zinapofungwa, na sehemu ya nyuma. Japani ya kaskazini ina theluji nyingi, na barabara zake hunyunyiziwa chumvi ili barafu iyeyuke. Chumvi hiyo huingia ndani ya chasisi na kuila kwa ndani, wakati nje yaonekana nzuri. Watu wa pwani mwajua jinsi hewa ya bahari inavyokula mabati; ni jambo lile lile. Mkiona chini ya gari kumepakwa rangi nyeusi mpya inayong'aa, msifurahi. Ulizeni rangi ile inaficha nini.

Mkiwa hapo chini, someni namba ya chasisi, mwiulinganishe na iliyoandikwa kwenye kadi ya gari, herufi kwa herufi. Hapo ndipo faida ya kujua kusoma inapoonekana. Herufi moja ikitofautiana, fungeni mfuko wenu mwende nyumbani.

Chasisi ikiwa nzima, twende kwenye injini. Lazima kwanza tujue dizeli inavyofanya kazi. Injini ya petroli huwasha mafuta kwa cheche ya umeme. Ya dizeli haina cheche. Pistoni hupanda ndani ya silinda na kuibana hewa mpaka nafasi yake inakuwa ndogo zaidi ya mara 20. Mmepata kutia upepo baiskeli kwa pampu ya mkono? Mliona jinsi pampu inavyopata moto? Ndivyo ilivyo humu, ila joto la humu hupita digrii 500. Ndipo nozeli hunyunyiza dizeli kama ukungu mwembamba, nayo huwaka yenyewe.

Basi mwaona kwamba injini hii yataka vitu viwili: hewa ibanwe sawasawa, na dizeli inyunyizwe sawasawa. Pistoni na ringi zake zikichakaa, hewa huvuja, joto halitoshi, gari haliwaki asubuhi. Nozeli ikichakaa, humwaga matone badala ya ukungu, na matone hayaungui yote.

Moshi hutwambia mengi. Moshi mweusi maana yake dizeli ni nyingi kuliko hewa: huenda filta ya hewa imeziba, au nozeli mbovu, au mtu aliifungulia pampu ili gari liwe na nguvu. Moshi wa rangi ya buluu maana yake injini inakula oili. Moshi mweupe asubuhi ya baridi, ukitoweka baada ya dakika chache, mara nyingi ni plagi za joto zilizokufa, na hizo ni rahisi kubadili. Lakini moshi mweupe usiokoma, huku maji ya rejeta yakipungua, ni dalili kwamba maji yanaingia ndani ya silinda. Gasketi imeungua, au silinda hedi imepasuka kwa joto. Hapo gharama ni kubwa.

Liko jaribio jingine. Injini ikiwa imepata moto na inanguruma polepole, fungueni kifuniko cha kutilia oili. Mvuke kidogo si kitu. Moshi ukipiga kwa nguvu kama chungu kinachochemka, ringi zimekwisha.

Na fundi akitaka kujua ni silinda gani inayougua, hulegeza nati ya bomba la nozeli moja baada ya moja, injini ikiwa inanguruma. Akilegeza ya silinda nzima, mlio hubadilika, injini hutetemeka. Akilegeza ya silinda iliyokufa, mlio haubadiliki. Kazi hii ifanywe na fundi, naye avae miwani na asiweke mkono mbele ya bomba. Dizeli inayotoka kwa shinikizo hilo hupenya ngozi, na jeraha lake ni baya kuliko linavyoonekana. Aliyepatwa na hilo apelekwe hospitali mara moja, hata kama haumwi.

Kwa nini injini hizi huchakaa kabla ya wakati? Katika nchi yetu jibu kubwa ni vumbi. Mwaijua mkonga, lile bomba linalopanda kando ya kioo kama pua ya tembo. Watu hudhani mkonga ni wa kuvukia mito tu. Kazi yake ya kila siku ni kuvuta hewa ya juu, mahali penye vumbi kidogo. Lakini kiungio cha mpira kikipasuka kati ya filta na injini, vumbi huingia moja kwa moja na kusaga silinda kama msasa. Mpira wa bei ndogo huua injini ya bei kubwa. Pitisheni kitambaa cheupe ndani ya bomba lililo baada ya filta. Kikitoka na vumbi, mmepata mwizi.

Ikiwa ringi na silinda zimekwisha, injini hufunguliwa yote. Kipenyo cha silinda ya 1HZ ikiwa mpya ni milimita 94. Fundi hupima kwa kipimo maalumu, si kwa kidole. Silinda ikiwa imelika, hukerezwa ikapanuliwa, na kutiwa pistoni kubwa zaidi za kiasi hicho. Mtu akiwaambia atatia ringi mpya tu ndani ya silinda iliyolika ili kuwapunguzia gharama, mkataeni. Itakwenda miezi michache, kisha itarudi kuvuta moshi, na fedha zimekwisha.

Ulegevu mwingine ni wa mkanda wa taimingi. Huu ni mkanda wa mpira wenye meno, unaoendesha vali. Hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika wakati injini inazunguka, pistoni hupiga vali, na kwa nukta moja injini nzima huharibika. Liko taa kwenye dashibodi la kukumbusha, lakini katika gari kuukuu msiliamini, wala msiamini kilomita zilizoandikwa, maana huweza kurudishwa nyuma. Kama hakuna maandishi yanayoonyesha siku mkanda ulipobadilishwa, badilisheni kabla ya safari ya kwanza. Na mwandike tarehe na kilomita kwenye karatasi, mwibandike chini ya boneti.

Sasa tusogee mbele, kwenye magurudumu. Gari hili huvuta kwa magurudumu yote manne, kwa hiyo gurudumu la mbele lapaswa kusukumwa na pia kukata kona. Kwa ajili hiyo, ndani kidogo ya kila gurudumu la mbele mna kifundo cha mviringo, mfano wa kifundo cha nyonga, kilichojaa grisi. Sili ya ndani ikichakaa, oili ya difu huingia humo na kuyeyusha grisi. Mtaona uji mweusi ukitiririka kwa upande wa ndani wa tairi. Mafundi wengine hufuta na kuongeza grisi. Hiyo si dawa. Kifundo kifunguliwe, kioshwe, kitiwe sili na beringi mpya. Beringi zikiachwa, siku moja usukani utaanza kutikisika mikononi mwenu gari likiwa mwendoni.

Breki sina maneno mengi: mipira yote ya breki ibadilishwe, hata ile inayoonekana nzima, na mafuta yake pia. Gari litakalobeba mgonjwa usiku kwenye mteremko wenye matope halitengenezwi breki nusu.

Tena jambo la betri, ambalo limewaunguzia watu vitu vingi. Land Cruiser nyingi za dizeli zilizouzwa ndani ya Japani zina betri mbili za volti 12, zimeunganishwa moja nyuma ya nyingine. Andikeni: 12 + 12 = 24. Umeme wa gari ni volti 24. Ukifunga redio au taa ya volti 12 humo, huungua. Mjanja mmoja hufunga redio yake kwenye betri moja tu kati ya mbili. Redio italia, lakini betri ile itakwisha mapema kuliko mwenzake, na zote mbili zitakufa. Yafaa kununua kifaa cha kupunguza volti. Lakini msihukumu kwa kuhesabu betri, maana magari mengine yana betri mbili zilizounganishwa sambamba, na umeme wake ni volti 12 tu. Pimeni kwa mita.

Nina neno kwa vijana watakaosaidia kazi. Msiingie kamwe chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Wekeni vigogo imara chini ya chasisi, na mawe kwenye magurudumu mengine. Gari hili lina uzito wa karibu tani mbili au kupita, nalo halitoi onyo.

Rangi na viti viwe vya mwisho. Najua wanachama watataka kuona gari liking'aa, ili fedha yao ionekane. Mweka hazina awe mkaidi hapo. Tena katika fedha zote mlizochanga, theluthi moja isiguswe wakati wa kununua, kwa sababu gari kuukuu likishafunguliwa huonyesha ugonjwa ambao haukuonekana. Injini iliyotengenezwa upya nayo isibebeshwe mzigo mzito katika kilomita 1,000 za kwanza. Kisha oili na filta vibadilishwe.

(Mwalimu wa darasa: sasa wanafunzi wafanye kazi hii. Moja: mkanda wa taimingi ulibadilishwa gari likiwa limekwenda kilomita 187,000. Utabadilishwa tena kilomita ngapi? Mbili: chama kimechanga shilingi 18,000,000. Theluthi moja ni shilingi ngapi? Tatu: kila mwanafunzi aandike sentensi moja yenye neno KUTU. Kama kuna gari karibu na darasa, ombeni ruhusa ya mwenyewe, mkaitafute namba ya chasisi na kuinakili daftarini.)

Juma lijalo tutasoma jinsi ya kuandika mkataba kati ya chama na fundi, kazi gani na kwa siku ngapi. Kwa herini.