Mpira Shingoni: Si Kila Homa ni Malaria

Katika Arua na Koboko, mtu akishikwa na homa ya kutetemeka, jirani hutamka neno moja tu: malaria. Hakosei sana, kwani mbu wa West Nile wana sifa mbaya, na askari aliyelala mahandakini aijua homa hiyo kama aijuavyo bunduki yake. Lakini yuko mgonjwa mmoja ambaye neno hilo, likitamkwa kwa haraka, laweza kumtia kaburini. Huyo ni yule aliyeruhusiwa kwenda nyumbani akiwa na mpira uliopitishwa shingoni au chini ya mtulinga, ukaingia katika mshipa mkuu urudishao damu moyoni.

Mpira huo, ambao madaktari huuita katheta, hutiwa kwa sababu nzito. Aliye mahututi huhitaji dawa kali ambazo mishipa midogo ya mkono haiwezi kuzistahimili, na mgonjwa wa figo huhitaji damu itoke kwa wingi, ipite katika mashine ya kuisafisha, kisha imrudie. Ndugu askari watapenda kujua kwamba njia hii ina udugu na majeshi: mwaka 1952 mpasuaji wa jeshi la Ufaransa, Robert Aubaniac, ndiye aliyeeleza jinsi ya kuufikia mshipa ulio chini ya mtulinga, baada ya kuitumia njia hiyo kwa majeruhi wa vita.

Hatari nyingine hutokea wakati ule ule wa kuutia: sindano yaweza kutoboa pafu, au kuchoma ateri badala ya vena. Hizo ni juu ya daktari. Nyingine huja polepole, mgonjwa akiwa kwake. Damu yaweza kuganda kandokando ya mpira, mkono au uso ukavimba. Kifuniko kikilegea, hewa yaweza kufyonzwa hadi moyoni. Ndiyo maana mpira una kibanio, nacho kisiguswe na mtu asiyefundishwa.

Kubwa kuliko zote ni vijidudu. Ngozi ni boma la mwili, na mpira umelitoboa boma hilo. Vijidudu viishivyo juu ya ngozi huufuata kwa nje, au hupenya ndani kwa mikono michafu iliyoshika kifuniko. Vikishaingia hujijengea utando juu ya plastiki na kujificha humo, dawa zisivifikie vema. Kwa hiyo mara nyingi mpira hauna budi kutolewa. Dalili yake ni homa na baridi kali, hasa wakati wa kusafishwa damu au saa chache baadaye. Mahali uingiapo mpira huenda pakawa safi kabisa, bila usaha wala wekundu, na hapo ndipo wengi hudanganyika.

Tuseme askari amesafishwa damu Kampala, akapanda basi la usiku, akavuka daraja la Pakwach na kufika kwao Arua, mwendo wa kilomita 500 hivi. Usiku wa pili anatetemeka. Ananunua vidonge vya malaria dukani. Asubuhi joto limeshuka kidogo, naye ajiona amepona. Siku ya tatu anabebwa hajitambui. Ilimpasa aende hospitali usiku ule ule. Apimwe malaria, naam, kwani yaweza kuwapo. Lakini hata ikionekana, auonyeshe mpira wake waziwazi, asiufiche chini ya kola. Damu ichukuliwe kutafutwa vijidudu kabla ya dawa ya kuviua kuanza, maana dawa ikitangulia, kijidudu chaweza kisionekane.

Nyumbani, bandeji ikae kavu. Kuoga mtoni ni marufuku. Asikubali mtu atumie mpira wa figo kwa dripu au kuchukua damu, hata akiwa mwuguzi mwenye nia njema, isipokuwa wale waliofundishwa kazi hiyo. Ukichomoka, alale chali, pabanwe kwa nguvu kwa kitambaa safi, apelekwe hospitali.

Kwamba maradhi haya yazuilika si ndoto. Mwaka 2006 yalitangazwa matokeo ya vyumba 103 vya wagonjwa mahututi katika jimbo la Michigan, Marekani: kunawa mikono, kusafisha ngozi kwa klorheksidini, kumfunika mgonjwa mwili mzima, kuepuka kinena, na kuutoa mpira usiohitajiwa tena. Maambukizo yalipungua hadi kwa asilimia 66. Mwuguzi aliruhusiwa kumsimamisha daktari aliyeruka hatua moja. Ni kama koplo kumsimamisha kanali, lakini damu ya mgonjwa haijui vyeo.

Anayetarajia kusafishwa damu kwa muda mrefu aulize mapema kuhusu fistula, yaani upasuaji wa kuunganisha ateri na vena mkononi. Huchukua wiki kadhaa kukomaa, na ikikomaa, mpira hutolewa.