Mpira wa vikapu vyuoni Marekani: Kanuni ni moja, vipenga tofauti

KATIKA mpira wa vikapu wa wanaume vyuoni nchini Marekani, mchezaji hutolewa uwanjani akitenda kosa la tano.

Msimu wa 2012-13, kila timu ilifunga wastani wa alama 67.5, kiwango cha chini zaidi tangu 1952. Ndipo NCAA ikaagiza marefa wamwadhibu beki anayemshikilia mwenye mpira kwa mkono. Wastani ukapanda hadi 71, lakini kufikia 2014-15 ulikuwa umeshuka tena hadi 67.6. Kanuni haikufutwa, vipenga vililegea.

Isitoshe, marefa hupangiwa mechi na miungano ya vyuo, kama vile Big Ten, hivyo ukali wao hutofautiana. Anayeumia ni mchezaji: ulinzi uliosifiwa jana, leo humpeleka benchini.